Kioo cha Muze Hakikujibu

Kadi ya mwaliko ilikuwa imeandikwa kwa mkono, na kabla sijafika kwenye jina nilishajua imetoka kwa nani. Rukwa nzima sijaona mtu mwingine anayesimamisha herufi wima namna ile, kila moja imejitenga na mwenzake. Mzee Gaudensi, aliyekuwa karani wa zahanati ya Muze, alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa na alitaka niende bila kukosa. Nilikaa na kadi hiyo barazani kwangu Malangali, hapa mjini Sumbawanga, mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimemficha mzee huyo jambo moja tangu nikiwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa nimechoka kulificha. Nilipomsimulia Neema, binti wa kaka yangu, ambaye kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, aliniangalia kwa huruma kidogo akasema, "Aa, shangazi, kumbe hukuuliza kwanza kama kioo cha kompyuta kina rangi." Kwake ni mistari miwili mitatu: programu inatazama inaandika kwenye kioo cha aina gani, au kama inaandika kwenye faili tu, kisha inaamua itumie rangi au iache. Sikumlaumu. Siku hizi hata simu ya muuza nyanya ina rangi nyingi kuliko nguo za sikukuu. Lakini mwaka ule sikuwa na wa kuniambia, na mimi mwenyewe, niseme ukweli, sikuwa msichana wa kuambiwa.

Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo ya mablanketi kabla ya kuwa chumba cha kompyuta, na harufu ya mablanketi haikuondoka. Ilikuwa hospitali ya mjini Sumbawanga, sitaitaja, na chumba kilikuwa mwishoni mwa korido, kimetenganishwa na benchi la wajawazito kwa ukuta wa mbao nyembamba. Niliyasikia mazungumzo yao yote, na Kifipa changu kilinoga mwaka ule kwa kusikiliza tu: nani mumewe hataki aje kliniki, nani ana hamu ya kula udongo, mwalimu gani wa Chala anachapa sana. Mwezi wa sita baridi ya Ufipa ilikuwa inapenya dirishani, nikachapa kazi nimevaa koti na soksi mbili. Kila siku saa saba mchana Sauda alikuja na bakuli lake. Huyu alikuwa rafiki yangu, binti wa familia yenye duka la vitambaa na lori moja linalokwenda Muze, na alichukia kula peke yake. Yeye alileta chapati za mama yake, mimi nilileta ugali wa ulezi na maharage, tukabadilishana nusu kwa nusu juu ya meza ya kompyuta, jambo ambalo Sista Skolastika alilikataza kila wiki bila mafanikio.

Sista Skolastika alikuwa mkuu wa maabara, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kazi aliyonipa ilikuwa moja. Wajawazito wa Chala na Muze walitolewa damu kwenye zahanati zao, chupa zikaletwa mjini kwenye boksi la barafu, maabara ikapima. Vipimo vyenyewe vilibaki kwetu. Zahanati ilipelekewa orodha tu: jina, kijiji, tarehe ya kurudi kliniki. Aliyekutwa damu yake ni pungufu sana, pembeni ya jina lake waliandika ALETWE MJINI, maana kule vijijini hapakuwa na damu ya kumwongezea, na mama wa namna hiyo akishikwa na uchungu Muze, hakuna wa kumsaidia. Maneno hayo mawili ndiyo yalikuwa kazi yote. Mengine yalikuwa mapambo.

Sasa marafiki wa parokia walikuwa wametuma kontena, na ndani mlikuwa na kompyuta tatu kuukuu. Moja ikabaki kwetu, moja ikaenda Chala, moja ikashushwa Muze, bondeni. Zilikuwa mashine za kioo cheusi unachokiandikia amri kwa kibodi, nacho kinakujibu kwa maandishi. Nikajifunza kwamba ukiweka alama fulani kabla ya jina, kioo hakizionyeshi. Kinazisoma kama amri, kinabadilisha rangi, halafu kinaendelea na jina. Nilivyofurahi, utadhani rangi nimezigundua mimi. Majina ya kina mama wazima nikayafanya ya kijani, ya wenye hatari mekundu. Na kwa kuwa maneno ALETWE MJINI yalikuwa yanasukuma safu za orodha zikae upande, nikayaondoa. Nyekundu ilitosha, nilisema. Nani asiyejua nyekundu? Sista alitazama kioo changu, akasema, "Inapendeza," akaniuliza kama na wenzetu wataiona hivyohivyo. Nikamjibu, "Kompyuta ni kompyuta, Sista." Jibu hilo nimelitafuna miaka mingi.

Orodha ya kwanza ya rangi ilikwenda Muze kwenye disketi, ndani ya bahasha, kwa mkono wa dereva wa lori la kina Sauda. Siku mbili baadaye mvua kubwa ya masika ilianza, ikanyesha mfululizo, barabara ya kushuka Lyamba lya Mfipa, ule mteremko mkali wa kwenda bondeni, ikageuka tope na hakuna gari lililopanda wala kushuka kwa karibu wiki tatu. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa nahangaika na namna ya kuweka mstari wa bluu juu ya orodha ijayo.

Lori lilipopanda hatimaye, Sauda alikuja mchana na bakuli lake na barua. "Mambo, fundi wa rangi? Mzee wa Muze kakuandikia," alisema, akaanza kukata chapati. Barua ilikuwa na tarehe ya siku ileile disketi ilipofika, ilikuwa imesubiri barabara. Mzee Gaudensi alisalimia maabara nzima, mmoja mmoja. Alishukuru kwa orodha. Kisha akaandika: alama zenu zote tumezinakili kwenye rejista bila kuacha hata moja. Na chini yake, ili nione kazi yake, alikuwa ameninakilia mfano kwa mwandiko wake ule wa wima: mshale mdogo unaoelekea kushoto, mabano ya mraba yaliyofunguliwa, tatu, mbili, herufi m, na mbele yake jina la mwanamke.

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikalitemea kiganjani. Mashine ya kwetu ilikuwa na kiprogramu kidogo cha kutafsiri zile alama kuwa rangi, ya Muze haikuwa nacho. Kwa hiyo kioo chao hakikuonyesha kijani wala nyekundu. Kilimwaga alama zenyewe, uchafu mtupu mbele ya kila jina, mzima na mgonjwa sawasawa. Na maneno ambayo yangemwokoa mtu nilikuwa nimeyafuta mimi, ili safu zinyooke.

"We, vipi? Umeona nywele kwenye ugali?" Sauda aliuliza. Nilifungua orodha ya siku ile. Ilikuwa na majina kumi na tisa ya kijani na moja jekundu: Vumilia, wa Muze. Nikakimbilia rejista ya maabara. Siku damu yake inatolewa alikuwa na mimba ya miezi minane.

Sista Skolastika alinisikiliza akiwa amesimama. Hakupandisha sauti. Alijaribu redio ya mawasiliano, Muze haikushika, upepo wa mvua ulikuwa umeangusha mlingoti wao. Akavua miwani. "Oliva, lori la kina Sauda linashuka lini?"

"Kesho alfajiri, Sista."

"Nenda nalo. Ukimkuta, mlete. Usipomkuta, urudi uniambie wewe mwenyewe."

Sauda aliamua kunisindikiza bila mimi kumwomba. Tulikaa mbele na kaka yake aliyekuwa anaendesha, yeye katikati, mimi dirishani, na njia nzima alizungumza ili nisifikiri: bei ya khanga, mchumba aliyeletewa akamkataa, mchumba mwingine aliyemkataa yeye. Nilisikia neno moja moja. Uwanda ni wazi na umenyooka, ngano na mahindi na ulezi mpaka macho yanachoka, halafu ghafla ardhi inakatika na bonde la Rukwa linakuwa chini yako, joto linakupanda usoni hata kabla hujaanza kushuka. Kwenye kona moja nyembamba tulilazimika kurudi nyuma kupisha pikapu ya misheni iliyokuwa inapanda taratibu, imefunikwa turubai nyuma, wanawake wawili wamekaa pembeni wanashika kitu kisirushwe. Nilikasirika. Nilimwambia kaka yake Sauda asiwapishe, sisi tuna haraka. Aliendelea kurudi nyuma.

Zahanati ya Muze ilikuwa vyumba vitatu na mti wa mwarobaini. Niliruka kabla lori halijasimama vizuri. Mzee Gaudensi alikuwa mlangoni, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu kwenye joto lile, na nilipofungua mdomo kumuuliza, yeye alichuchumaa kidogo, akapiga makofi ya taratibu, akaanza salamu. Wafipa tuna salamu ndefu, na kwake haikupungua hata kwa moto. Ikabidi na mimi nichuchumae, nipige makofi, nijibu: shikamoo Baba, marahaba mwanangu, za huko juu, nzuri, Sista hajambo, hajambo, na wa maabara, na mvua, na mahindi. Machozi yalikuwa yananitoka wakati namwambia kwamba mahindi hayajambo.

"Baba," nikasema mwishowe, "Vumilia yuko wapi?"

"Vumilia yule wa kwenye orodha? Tumempandisha leo asubuhi na pikapu ya misheni. Hamkupishana?"

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Sauda alinishika bega, akaanza kucheka, mimi nikalia kwa sauti, na mzee wa watu akasimama katikati yetu hajui amtulize nani. Sijawahi kuhisi wepesi kama ule. Mpaka leo, nikisikia mtu anasema ametua mzigo, huwa nafikiria saruji ile ilivyokuwa na joto.

Alituingiza ndani akatuonyesha rejista. Karani mwingine angeona takataka zile kwenye kioo angeandika majina tu na kuendelea. Mzee Gaudensi alikuwa amelelewa kwamba maandishi ya wakubwa hayapunguzwi, na kwamba mgeni akikuletea neno usiloelewa humwambii neno lako ni baya. Kwa hiyo alinakili kila kitu, mishale, mabano, tarakimu, mistari ishirini. Na ukinakili kwa mkono unaona ambayo ukisoma huyaoni. "Wote walikuwa na tatu na mbili," alisema, akipitisha kidole. "Huyu mmoja ana tatu na moja. Sikujua ni kwa heri au kwa shari. Nikamwambia nesi, mtu aliyetengwa na wenzake tusimkalie kimya, tumrudishe kwa mwenye maandishi atuambie. Tumesubiri tu barabara." Tatu na moja ndiyo ilikuwa amri ya nyekundu yangu. Kisha akaniuliza, kwa unyenyekevu ulionichoma, "Je, nimekosea kunakili?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, macho yamevimba, na mzee amesimama na rejista yake mikononi. "Hapana, Baba," nikasema. "Umenakili vizuri sana." Mke wake akaleta wali mpya wa bondeni na samaki wa ziwani, nikala sahani mbili, nikanyamaza na siri yangu.

Tulipopanda kesho yake Vumilia alikuwa wodini, ameshaongezewa chupa mbili za damu, anagombana na muuguzi kuhusu uji. Siku nne baadaye alijifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya kubomoa ukuta wangu wa mbao. Kwa Sista Skolastika niliungama kila kitu, hata lile la kuchukia kuipisha pikapu. Hakunifukuza. Alisema, "Yale maneno mawili yarudi leo. Rangi utaiweka ukishajua unamwekea nani," akaenda kuosha chupa zake. Nilimtumikia miaka mingine tisa, na sidhani aliwahi kulitaja tena.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule niliitumia kufundisha programu yangu adabu. Kwenye kurasa za mwisho za kitabu kilichokuja na kompyuta nilikuta kwamba kuna swali unaloweza kukiuliza kioo: kale kamstari kanakokonyeza pale unapoandika, kako wapi sasa hivi? Kioo kinachojua rangi kinajibu swali hilo, kinakutajia mstari na safu. Kisichojua hakijibu chochote. Nikaona, lo, hii si hodi tu? Kila nyumba ya Ufipa nilifundishwa kusimama nje na kubisha, halafu nikaingia kwenye vioo vya watu na rangi zangu bila kubisha. Kwa hiyo nikaandika programu ndogo ya kusomea orodha, ikae humohumo kwenye disketi. Kwanza inauliza. Ikijibiwa, inaweka rangi. Isipojibiwa, inafuta lile swali, maana kwenye kioo kisichoelewa swali lenyewe hubaki limeandikwa kama uchafu, kisha inaonyesha majina matupu na maneno yake.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro moja: liliuliza likasubiri jibu, na sikuwa nimeliambia lisubiri mpaka lini. Kioo cha Muze hakikujibu, kwa hiyo programu ikasubiri. Mzee Gaudensi naye akasubiri. Aliketi mbele ya kioo chenye alama za lile swali tu tangu chai ya saa nne mpaka jenereta likaishiwa mafuta saa nane, kwa sababu mgeni aliyebisha hodi huwezi kumwondokea. Aliniandikia kwamba mgeni wetu safari hii alikuwa mkimya sana. Nikacheka mpaka Sista akaja kuangalia, nikarekebisha: isubiri kwa muda wa pumzi moja, basi. Halafu Chala wakanifundisha la mwisho. Kioo chao kilijibu hodi vizuri kabisa, lakini kilikuwa cha rangi moja, na nyekundu yangu ilitokea kama maandishi yaliyofifia. Yaani mwenyeji anaweza kukuitikia "karibu" na bado asikione ulichobeba. Wa Chala walisoma ALETWE MJINI, wakamleta mtu wao. Tangu hapo sijaondoa neno nikaweka rangi, hata kwenye tangazo la harusi.

Basi nikashuka Muze kwenye jubilei. Barabara imechongwa, kona ile imepanuliwa, Sauda alikuwa kiti cha nyuma na wajukuu wawili na bado anaongea. Baada ya misa na picha na wali, nilimkuta Mzee Gaudensi amewekwa kwenye kiti chini ya mwarobaini uleule, shati kifungo cha juu. Nilichuchumaa, nikapiga makofi, salamu yote toka mwanzo mpaka mwisho. Halafu nikasema, "Baba, zile alama ulizonakili mwaka ule. Hazikuwa maandishi yetu. Nilikosea mimi. Ulikuwa uchafu wa kompyuta."

Alifikiri kidogo, macho yake yamekuwa na ukungu siku hizi. "Nilijua," akasema.

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu siku ile. Ulikuja unalia. Mtu aliyeandika sawasawa hashuki mlima ule analia."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na njaa. Nikaona kwanza ule." Akanishika mkono. "Halafu ukasema nimenakili vizuri. Na kweli nilinakili vizuri, au?"

"Vizuri kabisa, Baba."

"Basi." Kisha akageukia jikoni, akaita kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo, "Vumilia! Njoo usikie."

Alikuja akifuta mikono, mama wa watu aliyenenepa akawa na amri, ndiye aliyekuwa anaongoza masufuria yote siku ile. Nikamweleza, nikitafuta maneno, nyekundu na kijani na maneno niliyoyafuta. Alisikiliza mpaka mwisho, uso hauonyeshi kitu, na kwa mara ya pili maishani nikawa namhofia Vumilia.

"Kwa hiyo," akasema, "mimi nilirushwa kwenye pikapu mlima mzima kwa sababu ya uchafu?"

"Kwa sababu Baba aliunakili," nikasema.

Alicheka hadi akaegemea mti. Akampigia kelele mwanaume mrefu aliyekuwa anapakua soda kwenye gari, mwenye sauti ileile ya kubomoa kuta: "Patrisi! Njoo umsalimie mama aliyekuandika vibaya!" Halafu, akiwa bado anacheka, aliichukua sahani yangu, akaenda kuijaza tena.